Uzi: Karthago ingeishinda Roma, makabila ya Gallia yangefika wapi?

#1 Mzabibu wa Dodoma

Habari za jioni wakuu. Nimezama kwenye vita vya Hannibal, jenerali wa Karthago (mji wa Wafoinike pwani ya Tunisia ya leo), na kuna jambo limenikaa kichwani, nalileta tulichambue.

Tuchukulie kwamba mwaka 216 KK, baada ya kipigo ambacho Hannibal aliipa Roma pale Cannae, Roma inasalimu amri. Inabaki mji wa kawaida wa Italia. Bahari yote ya magharibi inakuwa ya Karthago: Sicilia, Sardinia, pwani ya Hispania, na maji yote ya kusini mwa Gallia. Je, hao Wagallia, yaani makabila yaliyokaa Ufaransa ya leo mpaka kaskazini mwa Italia, wangekuwa nani?

Msimamo wangu ni kwamba kufikia mwaka 50 KK wangekuwa na dola tatu au nne zinazojitegemea, zenye sarafu, miji na maandishi yao, na leo Ufaransa ingezungumza lugha ya Kigallia. Sababu ni kwamba Roma ilitafuta ardhi, Karthago ilitafuta bandari na madini. Tazameni bonde la mto Po. Mwaka 218 KK Roma ilipanda makoloni mawili, Placentia na Cremona, walowezi 6,000 kila moja, katikati ya mashamba ya watu. Waboii, kabila kubwa la pale, waliposhindwa kabisa mwaka 191 KK walinyang'anywa karibu nusu ya ardhi yao. Karthago haikuwa na wakulima wa kuwamwaga huko. Ilitaka kuuza na kununua. Jirani anayetaka kukuuzia anakuacha hai.

Nani ananipinga?

#2 Kigogo Mpole

Naweka kambi hapa. Wataalamu shukeni.

#3 Nahodha wa Chole

Mimi nakupinga, tena mapema.

Ukitaka kujua Karthago ilimtendea nini jirani wa bara, usitazame Gallia ambako haikutawala. Tazama Walibya, waliokuwa mlangoni pake. Wakati wa vita vya kwanza na Roma ilichukua nusu ya mavuno ya wakulima, na miji ikaongezewa kodi mara mbili. Maafisa waliosifiwa ni wale waliokamua zaidi. Vita vilipoisha mwaka 241 KK askari wa kukodiwa wakaasi kwa kutolipwa mishahara, na Walibya wakajiunga nao kwa moyo mmoja. Wanawake walivua mapambo yao wakayatoa kugharamia uasi. Mtu havui hereni zake kwa sababu mfanyabiashara mpole amepandisha bei kidogo.

Na kati ya viongozi wa uasi ule alikuwepo Mgallia, Autaritus, aliyeongoza kikosi cha Wagallia. Kwa hiyo walishaijua Karthago kwa karibu, na walipopata nafasi waliinua silaha dhidi yake.

Halafu Hispania. Hamilcar, baba yake Hannibal, alitua huko mwaka 237 KK, na ndani ya miaka ishirini ukoo wake ulikuwa umejenga Karthago Mpya (Cartagena ya leo), ukikamata migodi ya fedha na kuchukua mateka kutoka kila kabila. Hiyo si biashara ya mtu aliyetandika mkeka sokoni.

#4 Mzabibu wa Dodoma

Nahodha, Libya ilikuwa shamba la nyuma ya nyumba na Hispania ilikuwa na fedha. Gallia iko mbali, ina watu wengi, na Hannibal aliwahitaji. Aliingia Italia na askari wa miguu 20,000 na farasi 6,000 tu. Jeshi lililopigana Cannae lilijazwa na Wagallia. Washirika wa namna hiyo huwezi kuwafanya watumwa wa mgodini kesho yake.

#5 Nahodha wa Chole

Washirika? Hesabu maiti za Cannae. Hannibal alipoteza kama watu 5,700, na kati yao 4,000 ni Wagallia. Aliwaweka katikati, mahali alipotaka mstari upinde urudi nyuma. Wakati wa kuvuka mabwawa kabla ya vita vya ziwa Trasimene, vivyo hivyo: Waafrika na Wahispania mbele, Wagallia katikati ya tope, wapanda farasi nyuma yao wasipate pa kukimbilia.

#6 Binti Kaole

Salaam. Naona mnavutana kati ya Libya na Hispania na mmeuruka mfano ulio bora kuliko yote, Numidia.

Wanumidia walikaa bara, magharibi na kusini mwa Karthago, makabila yenye wapanda farasi hodari, wakikodiwa vitani kama Wagallia. Kwa karne nyingi walikuwa karibu na dola la wafanyabiashara kuliko mtu mwingine yeyote. Wakawa nini? Chini ya Massinissa wakawa ufalme wenye mji mkuu Cirta, wenye sarafu, wenye kilimo cha nafaka ya kusafirisha nje. Pale Thugga, Dougga ya leo nchini Tunisia, mwaka 139 KK waliandika jiwe la hekalu la Massinissa kwa lugha mbili, Kipuni (lugha ya Karthago) na Kilibya, na Kilibya kina herufi zake chenyewe. Mahakimu wa miji yao waliitwa sufeti kama wale wa Karthago. Karthago ilichomwa mwaka 146 KK, lakini Kipuni kiliendelea kusemwa vijijini mpaka zama za Mtakatifu Augustino, zaidi ya miaka 500 baadaye.

Kwa hiyo Mzabibu ana haki kwenye dola, ila kwenye lugha sina hakika. Huenda leo Ufaransa ingezungumza mtoto wa Kipuni.

#7 Nahodha wa Chole

Binti Kaole, maelezo mazuri, ila umeacha tarehe moja. Massinissa alipanuka lini? Baada ya mwaka 202 KK, Karthago ilipovunjwa kwenye vita vya Zama na kuzuiwa na mkataba wa Roma isipigane bila ruhusa. Alimega ardhi ya Karthago kipande kwa kipande huku Roma ikimtazama. Numidia ilikua kwa sababu Karthago ilidhoofika. Kwenye hadithi ya Mzabibu Karthago imeshinda. Massinissa wa Gallia angepumulia wapi?

#8 Binti Kaole

Utamaduni haukuanza 202, Nahodha. Syphax alikuwa mfalme mwenye sarafu na majeshi kabla ya Zama, na Karthago ilimbembeleza hadi ikampa binti wa jenerali wake, Sophonisba. Ila hoja yako naipokea nusu.

#9 Chuma cha Ufipa

Nyote mmesimama pwani mnatazama bahari. Geukeni nyuma.

Mimi nimekulia Sumbawanga. Porini kule bado kuna matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, na wazee wangu waliyatumia. Watu wenye chuma chao na jembe lao hawangoji mgeni wa pwani awafundishe kuishi pamoja, ndiyo maana hii mada nimeivalia njuga.

Gallia ya karne ya pili KK ilijaa chuma. Wabituriges walikuwa mafundi wa migodi kiasi kwamba Caesar, jenerali wa Roma, alipouzingira mji wao wa Avaricum walichimba mahandaki chini ya boma lake la kushambulia. Kuta za miji yao zilikuwa za magogo yaliyofungwa kwa misumari mirefu ya chuma, kisha mawe mbele na kifusi ndani. Manching, kule Bavaria, ukuta wake ulikuwa na urefu wa kama kilomita 7 na ulizunguka hekta 380. Hakuna Mgiriki wala Mkarthago aliyeamuru ukuta ule. Waliupata kwa plau yenye ncha ya chuma, kwa fyekeo ndefu la kukata nyasi za ng'ombe wakati wa baridi, kwa chakula cha ziada kinacholisha mafundi.

Pipa la mbao ni lao. Wagiriki na Warumi walibeba divai kwenye mitungi ya udongo mizito, halafu wakaja kuiga mapipa.

Kwa hiyo jibu langu kwa #1: wangefika walikofika, Karthago iwepo isiwepo. Kilichowakatiza ni jeshi la Caesar kuanzia mwaka 58 KK.

#10 Msomi wa Toulouse

Wakuu, naishi huku kusini mwa Ufaransa kwa masomo, nimezunguka makumbusho yao. Naomba niongeze kitu kinachowapinga wote wawili, Mzabibu na Chuma.

Katika mji mdogo wa Châtillon-sur-Seine kuna chombo cha shaba cha kuchanganyia divai kilichopatikana mwaka 1953 kwenye kaburi la Vix. Urefu mita 1.64, uzito kilo 208, kinabeba lita 1,100. Nilipokiona kilinizidi kimo mpaka nikacheka peke yangu. Ni kazi ya Wagiriki, na aliyezikwa nacho ni mwanamke, mnamo mwaka 500 KK. Juu ya kilima cha jirani palikuwa na makao ya watawala. Karibu miaka 100 kabla ya hapo, kwenye kilima cha Heuneburg karibu na mto Danube, mtu aliamua kujenga ukuta wa matofali ya udongo mabichi kwa mtindo wa Mediterania, katika nchi ya mvua na theluji.

Wakoloni wa Kigiriki walikuwa wameanzisha Massalia, Marseille ya leo, mnamo mwaka 600 KK. Biashara ikapanda mto Rhône na watawala wa bara wakatajirika. Sasa sikilizeni: kufikia karibu mwaka 450 KK vilima vile vikubwa vimeachwa, makaburi ya kifahari yamekwisha, watu wametawanyika vijijini. Kisha wakahama kwa makundi, wakaivamia Italia na kuichoma Roma mnamo mwaka 390 KK.

Kwa hiyo kukaa kando ya mfanyabiashara mkubwa kuliwapa wakubwa vyombo vya kifahari, bila dola iliyodumu. Mtawala aliyepata heshima kwa kugawa divai, siku divai isipofika heshima nayo inakwisha. Miji ile ya ukuta ya Chuma ilikuja miaka 300 baadaye.

#11 Kigogo Mpole

Lita 1,100! Huyo mama alikuwa anaalika tarafa nzima.

#12 Chuma cha Ufipa

Msomi, unanipa nguvu badala ya kunipinga. Wimbi la kwanza lililotegemea divai ya pwani lilianguka. La pili lililosimama juu ya chuma na kilimo ndilo lililojenga miji.

#13 Msomi wa Toulouse

Lakini wimbi la pili nalo limelala juu ya mitungi ya divai, mkuu! Hapa kwetu kwenye kilima cha Vieille-Toulouse vigae vya mitungi ya Italia ni vingi mno ardhini. Bibracte, Corent na miji mingine ya Gallia, kote hivyohivyo. Meli iliyozama Madrague de Giens, karibu na Toulon, ilibeba mitungi elfu kadhaa kwa safari moja. Huwezi kutenganisha msumari na mtungi.

#14 Tabora Junction

Na mtungi ulilipwa kwa nini? Mbona hamlisemi. Diodorus wa Sicilia, mwanahistoria wa Kigiriki, kaandika wazi kwamba wafanyabiashara wa Italia walipata kijana mtumwa kwa mtungi mmoja wa divai. Hata tukimpunguzia chumvi, biashara ilikuwa hiyo: watu, chuma, ngozi, nyama ya nguruwe ya chumvi.

Sisi wa Unyamwezi tunaujua mchezo huu. Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa ndiyo dola la wafanyabiashara, misafara inapanda Tabora kufuata pembe na watu. Kwetu akaibuka Mirambo. Alikusanya vijana wa rugaruga, akapata bunduki, akafunga njia, akawatoza Waarabu wa Tabora na kupigana nao miaka ya 1870. Akajenga dola kubwa kabisa. Akafariki mwaka 1884, na dola likavunjika ndani ya muda mfupi.

Mimi naona Gallia ya Mzabibu ingezaa akina Mirambo kadhaa mfululizo. Wakuu wa vita wenye akili, kila mmoja na njia yake ya biashara, na kila mmoja akifa mambo yanaanza upya.

#15 Chuma cha Ufipa

Tabora, umenigusa, ila tazama Waedui, kabila la Gallia ya kati lenye mji wa Bibracte. Walikuwa na hakimu mkuu wa mwaka mmoja, vergobret, mwenye mamlaka ya kuua na kuacha hai, lakini sheria ilimkataza kutoka nje ya mipaka ya nchi. Ndugu wawili wa ukoo mmoja hawakuruhusiwa kushika ukuu huo mmoja akiwa hai, wala kukaa baraza moja. Kwa Waarverni, kabila jirani, Celtillus, baba yake Vercingetorix aliyekuja kuongoza Wagallia dhidi ya Caesar, aliuawa na wenzake kwa kutaka ufalme. Watu hawa walishamwona Mirambo wao wakaweka sheria ya kumzuia.

#16 Tabora Junction

Na Dumnorix je? Muedui huyohuyo. Alishika ushuru wote wa nchi kwa bei ya kutupa kwa sababu akinadi yeye hakuna aliyethubutu kupanda dau, akatumia fedha hiyo kulisha kikosi chake cha wapanda farasi. Sheria ilikuwepo, na mwenye farasi alikuwepo. Caesar ndiye aliyemuua mwaka 54 KK, sheria haikumfanya kitu.

#17 Mkorosho Tunduru

Nilikuwa nasoma kimyakimya ila hili la njia na ushuru limenitoa. Mimi ni mkulima. Kuna msimu mnunuzi alikuwa mmoja tu kijijini kwetu. Tulikuwa na mali nzuri, tuna maghala, tuna viongozi wetu, lakini bei alisema yeye. Msimu wanunuzi walipokuwa wengi kila mtu aliezeka bati. Kwa hiyo naona swali la #1 lingekuwa hili: Gallia ingekuwa na wanunuzi wangapi?

#18 Binti Kaole

Mkorosho, umepiga kwenye mshono. Nilisubiri mtu aitaje Massalia kwa maana hiyo.

Karthago haikupenda mshindani. Mkataba wake wa pili na Roma, mwaka 348 KK, uliwazuia Warumi kufanya biashara Sardinia na Libya. Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, aliripoti kwamba walizamisha meli za wageni waliopita kuelekea Sardinia au mlango wa Gibraltar. Na kuna kisa cha Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki: nahodha Mfoinike alikuwa anakwenda visiwa vya bati, meli ya Kirumi ikamfuata ijue njia. Akaielekeza yake kwenye mwamba kusudi, ya Warumi ikaangamia nyuma yake, naye akaokoka. Serikali ikamlipa fidia ya shehena yote!

Massalia ilikuwa rafiki wa Roma. Mwaka 217 KK meli zake zilisaidia Roma kuvunja jeshi la majini la Karthago mdomoni mwa mto Ebro. Karthago ikishinda, Massalia inalipa. Mnunuzi mmoja anabaki. Divai inapanda bei, bati la Britania linapita Gades (Cádiz ya leo, Hispania) kwa meli badala ya kuvuka Gallia kwa mito, na Wagallia wa mito Garonne na Rhône wanapoteza ushuru wao.

#19 Nahodha wa Chole

Hapo ndipo nilipokuwa nawapeleka tangu #3.

#20 Mzabibu wa Dodoma

Subirini. Baada ya Roma kuchukua kusini mwa Gallia, mwaka 121 KK, na kujenga Narbo mwaka 118 KK, wanunuzi walikuwa wangapi? Mmoja vilevile, Mwitalia. Na ndicho kipindi miji ya Gallia ilipokua kwa kasi. Waedui, Wasequani na Walingones wakaanza kupiga sarafu za fedha za uzito mmoja ili biashara ipite bila kubishana. Mnunuzi mmoja hakuwazuia.

Na wengine walikataa kabisa! Wanervii wa kaskazini walipiga marufuku divai na anasa isiingie nchini mwao, wakisema inalegeza roho za watu. Ndio waliokaribia kummaliza Caesar mwaka 57 KK.

#21 Ustadh Likoni

Samahani kwa kuwatoa njiani. Hawa Wagallia ndio Wagalatia wa waraka wa Paulo? Jirani yangu mchungaji aliwahi kuniambia tukabishana mpaka magharibi.

#22 Kigogo Mpole

Ndio haohao. Walivuka kwenda Asia Ndogo mwaka 278 KK, wakakaa maeneo ya Ankara. Kwa hiyo kila Jumapili tunawasoma.

#23 Binti Kaole

Taratibu Kigogo. Kuvuka ni kweli, makabila matatu: Watolistobogii, Watrokmi na Watektosages. Lakini mwaka 25 KK Roma ilifanya mkoa wa Galatia uliojumuisha pia miji ya kusini kama Ikonio na Listra, ambako wakazi hawakuwa Wagallia. Wasomi wa Biblia wanabishana mpaka leo kama Paulo aliwaandikia wale wa kaskazini au hao wa kusini. Ustadh, mwambie mchungaji mko sare.

Ila asante kwa kuwaleta, kwa sababu ni kipimo kizuri. Wagallia hawa walikaa katikati ya falme tajiri za Kigiriki, Pergamo upande mmoja, Wasiria upande wa pili. Walibaki makabila matatu, kila moja limegawanywa mara nne, na baraza la watu 300 lililokutana mahali patakatifu paitwapo Drunemeton. Karibu miaka 200 hawakuwa na mfalme mmoja, mpaka Roma ilipompandisha Deiotarus. Utajiri wa jirani ulikuwepo na dola moja halikutokea.

#24 Ustadh Likoni

Ahsanta. Kesho nampelekea.

#25 Msomi wa Toulouse

Ukitaka kipimo cha upande wa pili kipo Noricum, Austria ya leo. Ufalme wa Kikelti (ndugu za Wagallia) wenye chuma bora kiasi kwamba Warumi walikisifia kwenye mashairi. Kuanzia karibu mwaka 170 KK ulikuwa na urafiki rasmi na Roma, na wafanyabiashara wa Italia wakaweka maduka yao kwenye kilima cha Magdalensberg. Kwenye kuta za ghala zao wameacha maandishi ya oda: bidhaa za chuma na shaba kwa mamia, na majina ya wanunuzi wa mbali. Zaidi ya miaka 150 jirani tajiri alinunua, mfalme akabaki mfalme. Mnamo mwaka 15 KK Roma ikaumeza, karibu bila vita.

Kwa hiyo tuna Galatia iliyobaki na makabila yake, Noricum iliyopata ufalme, na Numidia ya Binti Kaole iliyopata ufalme na lugha ya jirani. Jirani tajiri alikuwepo kote kutatu, matokeo mbalimbali.

#26 Rugambwa wa Ziwa

Nimesoma kutoka #1 mpaka hapa, hakuna aliyetaja Wajerumani! Wakimbri na Wateutoni waliingia Gallia kuanzia miaka ya 110 KK, wakavunja majeshi ya Roma moja baada ya jingine, na Arausio mwaka 105 KK kilikuwa kipigo kibaya kuliko vyote tangu Cannae. Marius wa Roma ndiye aliyewamaliza mwaka 102 na 101 KK. Kisha Ariovistus akaja na kuchukua theluthi ya ardhi ya Wasequani. Bila Roma, nani angewazuia? Karthago ingetuma meli mlimani?

#27 Chuma cha Ufipa

Wabelgae, makabila ya kaskazini mwa Gallia, waliwazuia, Rugambwa. Caesar mwenyewe anasema ndio peke yao waliowakatalia Wakimbri na Wateutoni kuingia nchini mwao, na makabila ya kati yalijifungia kwenye miji yao ya kuta wakavumilia njaa mpaka wavamizi wakapita. Kuhusu Ariovistus, mpelelezi wetu ni huyohuyo Caesar, aliyehitaji Mjerumani wa kutisha ili Seneti isimuulize amefuata nini Gallia.

#28 Rugambwa wa Ziwa

Kuvumilia njaa ndani ya ukuta siyo kushinda. Mara ya pili, ya tatu, ukuta unachoka.

#29 Kigogo Mpole

Na maandishi? Niliwahi kusikia madruidi, makuhani wa Wagallia, walikataza kuandika. Dola bila maandishi linaendaje?

#30 Msomi wa Toulouse

Walikataza kuandika mafundisho yao ya dini. Mambo mengine waliandika kwa herufi za Kigiriki walizopata Massalia. Caesar alipoiteka kambi ya Wahelvetii mwaka 58 KK alikuta orodha ya watu wote waliohama, kwa herufi hizo, jumla 368,000, wenye silaha wametengwa, watoto, wazee na wanawake wametengwa. Hiyo ni sensa. Baadaye, chini ya Roma, waliandika kalenda ya shaba kwa lugha yao, iliyopatikana Coligny mwaka 1897, na inapatanisha mwezi na jua kwa miaka mitano. Karthago ikishinda badilisha herufi tu.

#31 Tabora Junction

Herufi za Kipuni hazina irabu. Kwa lugha ya Wagallia ingekuwa tabu.

#32 Msomi wa Toulouse

Wakeltiberia wa Hispania walitumia maandishi ya Wahiberia yasiyowafaa kabisa na bado wakaandika bamba zima la shaba pale Botorrita. Mwenye la kuandika ataandika.

#33 Mzabibu wa Dodoma

Nimewasoma wote. Nabaki na msimamo wangu, ila naupunguza eneo: nazungumzia Gallia ya kati, Waedui, Waarverni, Wabituriges, wenye chuma, mito na baraza. Pwani ya kusini namwachia Nahodha. Wale wa kati Karthago isingewafikia kwa jeshi. Haikuwa na raia wa kutosha wa kupeleka mlimani, ilipigana kwa askari wa kukodi, na wengi wa hao wangetoka hukohuko Gallia. Mwajiri wako akitegemea mkuki wako, bei ya mkuki unaisema wewe.

#34 Nahodha wa Chole

Na akishindwa kulipa inakuwa 241 KK tena, safari hii ndani ya Gallia. Wagallia waliozoea mshahara hawarudi shambani, wanageukia majirani zao. Watektosages wa Toulouse (si wale wa Galatia) na Waarverni wangechinjana kwa fedha ya Cartagena. Roma iliwatiisha kwa jeshi. Karthago ingewagombanisha kwa mishahara, na ni nafuu zaidi.

#35 Mkorosho Tunduru

Fedha ya Cartagena ingetosha? Wao wenyewe hawakuwa na madini?

#36 Msomi wa Toulouse

Walikuwa nayo. Limousin, magharibi ya kati, kuna migodi ya dhahabu iliyochimbwa na Wagallia karne kadhaa kabla ya Caesar, mashimo yametiwa nguzo za mbao na maji yanatolewa kwa ufundi mkubwa. Sarafu zao za kwanza ni za dhahabu, wakiiga zile za Philip wa Makedonia walizolipwa kama mishahara huko mashariki.

#37 Binti Kaole

Basi hapo Mzabibu ana tatizo jipya. Karthago ilikwenda Hispania mwaka 237 KK kwa sababu ilikuwa imepoteza Sardinia na inadaiwa na Roma, ikahitaji migodi. Nchi ya kati isiyo na kitu ingeachwa. Nchi ya kati yenye dhahabu ya Limousin, siku chache kutoka Garonne kwa mtu na nyumbu, hiyo haiachwi. Mzabibu, ungewaficha vipi?

#38 Mzabibu wa Dodoma

Karthago iliyoshinda haidaiwi na mtu. Roma ndiyo ingekuwa inailipa, miaka 50 kama ilivyolipishwa Karthago talanta 10,000. Haja ya kukimbilia migodi mipya ingetoka wapi?

#39 Nahodha wa Chole

Tangu lini tajiri akatosheka? Ngoja nikalale, kesho nakuja na habari za Gades na bati. Rugambwa, usiwaache Wajerumani wako, bado hawajajibiwa.